Mfalme Aliyeambiwa Lakini Hakusikia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Upofu wa Viongozi katika Fasihi ya Zamani

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, walimu, waigizaji na wasomaji wa kawaida wanapokutana na wafalme wa tamthilia za zamani: Oedipus na Creon wa Ugiriki, Lear wa Shakespeare, na wenzao. Unaweza kuyasoma kwa mfululizo au kurukia lile linalokukera. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Upofu wa kiongozi katika fasihi ni nini?

Ni hali ya mtawala mwenye macho mazima kutoliona jambo ambalo wenzake jukwaani, na mara nyingi hadhira yote, wanaliona waziwazi. Binti anayemfukuza ndiye pekee anayempenda. Muuaji anayemsaka ni yeye mwenyewe. Mgeni anayemkaribisha kwa furaha amekuja kumwua.

Waandishi huijenga hali hii kwa lugha ya macho, giza, mwanga, usiku na ukungu, kisha huipindua kwa kumleta mhusika asiyeona kwa macho lakini anayejua kila kitu. Kinaya huzaliwa hapo: tunamsikia mfalme akiapa kumlaani mkosaji, nasi tunajua laana hiyo itamwangukia nani.

Je, huo si ujinga tu?

Hapana, na wengi hupotelea hapa. Oedipus ndiye aliyetegua kitendawili cha zimwi Sphinx kilichoushinda mji mzima wa Thebes. Caesar alikuwa jemadari. Creon anazungumza mambo ya maana kuhusu nidhamu ya dola. Hawa ni watu wenye akili.

Mjinga ni mtu ambaye hakuambiwa. Kipofu wa aina hii aliambiwa, tena zaidi ya mara moja, na habari ikamfikia hadi mlangoni. Ukizisoma kazi hizi kwa pamoja utaona kosa linatokea sekunde ile ile anapoipokea: badala ya kuuliza “Je, ni kweli?”, mtawala anauliza “Nani kakutuma?” Oedipus anadhani Tiresias, nabii kipofu, katumwa na Creon, shemeji yake. Creon, naye akija kuwa mfalme, anadhani Tiresias katumwa na fedha. Agamemnon, mfalme wa Wagiriki, mwanzoni mwa utenzi wa Iliad, anamwambia mtabiri Calchas kwamba hajawahi kumtabiria jema hata siku moja, kana kwamba hilo ni jibu. Maoni yangu ni kwamba upofu wa viongozi katika fasihi ya zamani huanzia masikioni. Majibu mengi hapa chini yanasimama juu ya hoja hiyo.

Kwa nini viongozi, na si watu wa kawaida?

Kwa sababu upofu wa mtu wa kawaida huishia nyumbani kwake, ilhali wa mfalme huleta tauni Thebes na vita Uskoti. Pia kwa sababu raia akikosea hukosolewa na kila mtu bure. Mfalme akikosea, anayemkosoa anaweka shingo yake rehani.

Nianze na kazi gani?

Kwa Kiswahili, anza na *Mfalme Edipode*, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles iliyotoka 1971, au *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ya 1963, aliyoirekebisha na kuitoa tena 1969. Kama unataka kitu kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert. *King Lear* iache hadi uwe na subira nayo, itakulipa.

## Thebes: Oedipus, Tiresias, Creon

Kwa nini anayeona zaidi ya wote ni kipofu?

Jibu la darasani ni kwamba Tiresias na Oedipus ni kinyume kimoja: mmoja hana macho lakini anajua, mwingine anayo lakini hajui. Ni kweli, ila Sophocles amefanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Tiresias hataki kusema. Anaingia akiongozwa na mtoto, anajuta kuja, anaomba arudishwe nyumbani. Ukweli unamtoka baada ya kutukanwa na kushtakiwa kwamba yeye mwenyewe alishiriki kumwua Laius, mfalme aliyemtangulia Oedipus. Naye Oedipus anamuuliza swali ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: Sphinx alipokuwa akiwamaliza watu, ulikuwa wapi na elimu yako? Swali hilo lina haki yake. Mwenye kuona alikaa kimya miaka yote mtu huyu alipokuwa akitawala na kuzaa watoto na mama yake. Kwa hiyo onyesho hili halina malaika na shetani. Lina mtu aliyejua akanyamaza, na mtu aliyetaka kujua akashindwa kusikia.

Kama yote yalikwisha kutabiriwa, Oedipus alikosea nini?

Tenganisha tendo na upofu. Kumwua baba na kumwoa mama kulitabiriwa, na alikimbia Corinth ili kuliepuka. Lakini Sophocles hakuianzisha tamthilia yake hapo. Aliianzisha miaka mingi baadaye, siku ya uchunguzi wa nani alimwua Laius. Siku hiyo hakuna utabiri unaomwambia Oedipus achunguze vipi. Namna anavyochunguza ni yake mwenyewe.

Na anachunguzaje? Anamshtaki shemeji yake uhaini bila ushahidi wowote, na anapoulizwa kama anataka kumfukuza nchini anasema anataka afe. Anamtishia mchungaji mzee kwa mateso. Kila anayeleta kipande cha habari anageuka mtuhumiwa kwanza, shahidi baadaye.

Lakini mtu huyo huyo haachi. Jocasta, mkewe na mama yake, ambaye ameshafahamu kabla yake, anamsihi asiendelee kuuliza, anaendelea. Mchungaji anamwambia kwamba sasa amefika kwenye neno la kutisha, na Oedipus anajibu kwamba naye amefika kwenye kulisikia, lakini lazima alisikie. Sijui mtawala mwingine katika fasihi ya zamani anayeifuata habari inayomwangamiza kwa ukaidi kama huu. Ni kipofu mbele ya watu na shujaa mbele ya ukweli, na anayemwita “mwenye kiburi” tu kisha akafunga kitabu amesoma nusu.

Kwa nini alijitoboa macho badala ya kujiua kama Jocasta?

Tamthilia inampa nafasi ya kujieleza, na sababu yake ni ya moja kwa moja: hajui angemtazama baba yake na mama yake kwa macho gani huko kuzimu. Kifo kingemkutanisha nao. Anasema hata masikio angeyaziba kama angeweza, na kwa hoja niliyoitoa juu hilo lina uzito. Anatumia pini za kubania nguo ya Jocasta, vitu vya chumbani mwake, kwa hiyo adhabu inatoka mahali pale pale kosa lilipokaa.

Baadaye, katika *Oedipus at Colonus*, iliyoonyeshwa 401 KK baada ya Sophocles kufa, yeye ndiye kipofu anayeongozwa, na yeye ndiye anayejua mahali atakapofia. Amechukua nafasi ya Tiresias.

Creon wa *Antigone* naye ni kipofu wa aina ile ile?

Karibu, lakini yeye anafundisha jambo ambalo Oedipus halifundishi: kuona peke yake hakutoshi.

Creon amekataza maiti ya Polynices, kaka yake Antigone, isizikwe. Antigone anamwambia kuna sheria zisizoandikwa zilizo juu ya amri yake. Haemon, mwanawe na mchumba wa Antigone, anamwambia kwa adabu kwamba mji unanung'unika gizani, kwa kuwa uso wa mfalme unawatisha watu wasiseme mbele yake. Sidhani fasihi imewahi kueleza vizuri zaidi kwa nini watawala hawajui: wenye habari wanaliogopa jicho lake. Creon anauliza kama mji ndio utamfundisha kutawala. Kisha Tiresias anakuja, anatuhumiwa kupenda fedha, anatoa onyo lake na kuondoka.

Hapo Creon anaogopa na anaona. Wazee wanamshauri amtoe Antigone katika pango alimomfungia, na amzike maiti. Mjumbe anasimulia walichofanya: walianza na maiti. Walipofika pangoni Antigone alikuwa amejinyonga, Haemon akajiua mbele ya baba yake, na malkia Eurydice akajiua aliposikia. Creon alifumbua macho mapema kiasi cha kumwokoa mtu, akaanza na aliyekwisha kufa.

## Wafalme wa Shakespeare

Lear anaanza kuona lini?

Hakuna onyesho moja la kuwekea kidole, na wanaodai lipo wanalazimisha.

Upofu wenyewe una tarehe: onyesho la kwanza, anapowapimia mabinti watatu nchi kwa maneno matamu. Kent, mwungwana wake mwaminifu, anapoingilia, Lear anamwamuru aondoke machoni pake, na Kent anamjibu kwamba afadhali aone vizuri zaidi. Anafukuzwa. Anarudi kwa kujibadilisha sura, anamtumikia mfalme yule yule, na mfalme hamtambui.

Mwanga unamjia Lear kwa vipande. Mchekeshaji wake anamchoma kwa mizaha, kwa kuwa mzaha ndiyo njia pekee ya ukweli ambayo Lear bado hajaipiga marufuku. Katika dhoruba anawakumbuka maskini wasio na nguo wala paa, na anakiri kwamba hakuwajali ipasavyo alipokuwa na uwezo. Baadaye anasema waliomzunguka walimwambia yeye ni kila kitu, na walidanganya, kwa maana mvua na baridi havikumtii. Huko ni kukiri kwa kiongozi, si kwa baba tu.

Lakini mwishoni anakufa akiutazama mdomo wa maiti ya Cordelia, binti aliyemfukuza, kana kwamba anauona ukitikisika. Je, anaona au anajidanganya tena? Shakespeare hakutuambia. Nahum Tate aliuona mwisho huo mzito mno, akauandika upya 1681 Cordelia akiwa hai, na toleo lake likatawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya karne moja.

Kwa nini Gloucester ang'olewe macho jukwaani?

Kwa sababu Lear anapitia jambo hilo moyoni na Gloucester, mkuu mwingine katika tamthilia hiyo, analipitia mwilini. Mwanzoni Gloucester anaomba kuiona barua ya uongo ya mwanawe Edmund kwa mzaha kwamba kama ni kitu bure hatahitaji miwani. Anaisoma kwa macho yake mawili na anadanganyika kabisa. Anaporaruliwa macho na Cornwall, mkwe wa Lear, dakika hiyo hiyo anaambiwa kwamba msaliti ni Edmund. Baadaye anasema alijikwaa alipokuwa akiona.

Usimsahau mtumishi asiye na jina anayemzuia bwana wake Cornwall na kumjeruhi jeraha la kufa. Tamthilia imejaa wakubwa wasioona, na aliyeona kwa wakati ni mtu aliyezoea kubeba maji ya kunawa.

Caesar aliambiwa mara ngapi?

Mpiga ramli alimwonya kuhusu tarehe 15 Machi. Mkewe Calpurnia aliota sanamu yake ikibubujika damu. Makuhani hawakukuta moyo ndani ya mnyama wa kafara. Artemidorus alimpa barua yenye majina ya wauaji, akamwomba aisome kwanza kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe. Caesar akasema kinachomhusu mwenyewe kitashughulikiwa mwisho. Hilo linasikika kama unyenyekevu wa kiongozi anayetanguliza wananchi, na ndilo lililomwua. Katika tamthilia hii ya 1599 pia tunaambiwa sikio lake moja halisikii.

Hata hivyo Brutus, mmoja wa wauaji wake, ananivutia zaidi. Cassius, mwenzake katika njama, anamuuliza kama anaweza kuuona uso wake, naye anakubali kwamba jicho halijioni ila kwa kioo. Cassius anajitolea kuwa kioo hicho, na ni kioo cha mtu mwenye hila. Brutus anaona maadili yote isipokuwa nia za waliomzunguka, na ndiyo maana anamruhusu Antony, rafiki wa Caesar, azungumze kwenye mazishi.

Macbeth ni kipofu au si kipofu?

Si kipofu. Macbeth anaona kila kitu kabla ya kumwua mfalme wake: ubaya wa tendo, wema wa Duncan, matokeo yake. Anachoomba ni *kupofuka*. Anaziomba nyota zifiche mwanga wake, na jicho lifumbe lisiuone mkono unachofanya. Ni kinyume cha Oedipus.

Kipofu wa tamthilia hiyo ni Duncan. Anasema hakuna ustadi wa kuisoma nia ya mtu usoni, akimkumbuka msaliti aliyemwamini, na papo hapo Macbeth anaingia na kupokewa kwa shukrani. Naye Bibi Macbeth anaishia kutembea usingizini macho yakiwa wazi, na wanaomtazama wanasema hayaoni.

## Nje ya Ugiriki na Uingereza

Je, kuna mfalme ambaye ni kipofu kweli, na kwa maana zote mbili?

Dhritarashtra wa *Mahabharata*, utenzi wa kale wa India. Alizaliwa haoni, lakini utenzi haumlaumu kwa hilo. Unamlaumu kwa mwanawe Duryodhana. Katika mchezo wa dadu uliowanyang'anya Pandava, watoto wa ndugu yake, ufalme, mfalme anakaa akiuliza tena na tena, kwa furaha asiyoweza kuificha, kama ameshinda. Ndugu yake Vidura anamwonya waziwazi. Anasikia, anakubali kwamba ni kweli, halafu hafanyi lolote. Upofu wa namna hii ni nadra kwa Wagiriki: mtawala anayekubali ukweli na kuuacha upite.

Kabla ya vita anapewa nafasi ya kupata kuona. Anakataa, hataki kuwatazama ndugu wakiuana, anaomba asimuliwe. Mtumishi wake Sanjaya anapewa uwezo wa kuona ya mbali ili amsimulie. Mkewe Gandhari alijifunga kitambaa machoni tangu alipoozwa kwake. Watu hubishana kama huo ni uaminifu au ni kukwepa. Mimi naona kasri yenye wazazi wawili wasiotazama imemlea mtoto mmoja asiyezuilika.

Maandiko matakatifu yanasemaje?

Yana jozi nzuri ya kulinganisha. Ahabu ana manabii 400 wanaomwambia aende vitani. Yehoshafati, mfalme mwenzake wa Yuda, anauliza kama yuko mwingine. Ahabu anasema yuko mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini anamchukia kwa kuwa hamtabirii mema. Mikaya anatiwa gerezani, Ahabu anaenda vitani kwa kujificha sura, na mshale uliotupwa bila kulenga unampata.

Daudi, aliyemchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe, anamsikia nabii Nathani. Tofauti iko wapi? Kwanza ni mbinu ya Nathani: hakuja na shtaka, alikuja na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akakasirika, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Pili ni Daudi mwenyewe: hakuuliza nani kamtuma. Alikiri.

Fasihi ya Kiswahili inalo jambo hili?

Inalo tangu zamani. Katika *Al-Inkishafi*, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anazungumza na moyo wake mwenyewe, anaukaripia kwa kutoona ghururi ya dunia, kisha anaupeleka kwenye magofu ya Pate: majumba ya wakuu, taa zilizowaka, vyombo vya thamani madakani, na sasa popo na makinda ya ndege. Mabwana wale hawakuwa na Tiresias. Magofu yao ndiyo yanayomwonya anayekuja baadaye.

*Kusadikika* (1951) ya Shaaban Robert inaligeuza jambo kuwa kesi. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita na kurudi na mambo ya faida kwa nchi, wakatupwa gerezani. Nchi nzima imejengwa juu ya swali la “nani kakutuma”, ingawa hao waliotumwa, ilikuwa nchi yenyewe iliyowatuma! Kwa fikra zangu hii ndiyo kazi inayolieleza tatizo kitaasisi: si sikio la mtu mmoja lililoziba, ni baraza.

## Maswali magumu

Kama miungu ndiyo iliyompofusha, kuna haki gani kumlaumu?

Waandishi wa kale hawakuona mgongano hapo. Agamemnon, katika kitabu cha 19 cha Iliad, anasema Zeus, mkuu wa miungu, na Ate, mungu wa upofu wa akili, walimtia wazimu alipomnyang'anya Achilles mateka wake. Kisha anatoa fidia kubwa. Anamtaja mungu na analipa mwenyewe. Katika *The Persians* ya Aeschylus (472 KK), mzuka wa mfalme Darius unasema mtu akijiharakisha mwenyewe kuelekea maangamizi, mungu naye humsaidia. Farao katika kitabu cha Kutoka mara anaufanya moyo wake mzito, mara Mungu anaufanya mgumu. Simulizi inayabeba yote mawili.

Yuko kiongozi anayeona kwa wakati?

Wako wachache. Daudi anaona, ingawa Uria amekwisha kufa. Mfalme wa Kusadikika anamsikiliza Karama hadi mwisho na wafungwa wanafunguliwa. Uchache wao una sababu ya kisanaa: Aristotle aliisifu *Oedipus* kwa kuwa utambuzi na mageuzi ya hali vinatokea pamoja. Utambuzi ukija mapema, msiba unakosa miguu.

Je, sitiari hii haiwadhalilishi wasioona?

Ni swali la haki. Kumwita mtawala mkaidi “kipofu” kunaufanya ulemavu kuwa alama ya kosa, na kumfanya kila asiyeona kuwa nabii ni mzigo mwingine tu. Hata hivyo kazi bora zenyewe zinaitikisa sitiari hiyo: Tiresias na Gloucester wasioona wanajua kuliko wenye macho. Qurani, Surat Al-Hajj aya ya 46, inasema si macho yanayopofuka bali nyoyo zilizomo vifuani. Ukiandika, taja tendo lenyewe, yaani “alikataa kusikiliza” au “alimfunga mjumbe”, na neno *upofu* liache pale linapotumiwa na mwandishi.

Nawezaje kuandika insha isiyorudia ya kila mtu?

Usianze na orodha ya maneno ya macho na giza, msahihishaji ameshaisoma. Tafuta onyesho ambalo habari ya kweli inamfikia mtawala kwa mara ya kwanza. Andika nani kaileta, ana cheo gani, anahatarisha nini, na mtawala anajibu kwa neno gani la kwanza. Linganisha na mara ya mwisho habari ile ile inaporudi. Kwa *Antigone*, kwa mfano, mlinganishe Haemon na Tiresias: wote wawili wanamwambia Creon abadilike, mmoja anatuhumiwa kuwa mtumwa wa mwanamke na mwingine kuwa mtumwa wa fedha. Kisha eleza kwa nini wa pili alimwogopesha na wa kwanza hakumwogopesha. Hapo una insha.